Majitaka katika vijiji vya mwambao wa Mtwara

Majitaka ya kijijini ni maji yanayotoka chooni, bafuni, jikoni na penye kuparia samaki, pamoja na kinyesi kinachobaki shimoni. Katika mwambao wa Mtwara, kutoka Naumbu hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, kwa kawaida kila kaya huyamaliza uwanjani mwake. Kinachoyasafisha ni ardhi yenyewe, na ardhi ya huku si ya kuaminika.

Sehemu kubwa ya ufuko ni mchanga uliolala juu ya mawe ya matumbawe. Mchanga mkavu huchuja vimelea vizuri. Jiwe la matumbawe lina nyufa zinazopitisha maji kabla hayajachujwa. Chini, maji baridi ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi, na visima vya kienyeji hufikia tabaka hilo hilo. Mvua za Desemba hadi Aprili hulipandisha, na jirani na bahari bamvua nalo hulipandisha. Shimo lililochimbwa kavu mwezi Oktoba laweza kukutwa na maji mwezi Machi, na hapo choo na kisima vimekwisha kuungana. Kanuni ya kawaida hutaka kitako cha shimo kiwe walau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na choo kiwe mita 30 kutoka kisimani. Penye matumbawe hata mita 30 si dhamana.

Kinachofaa zaidi ni choo cha kuinuliwa: shimo fupi, kuta za tofali zinazopanda juu ya ardhi, kifusi pembeni na ngazi ya kupandia. Yakijengwa mashimo mawili, lililojaa hufungwa miaka miwili kabla ya kufukuliwa, kwa kuwa mayai ya minyoo hayafi upesi. Choo kikavu cha kutenganisha mkojo kingefaa pia, lakini wakazi wengi hutawaza kwa maji. Bila mahali pa pembeni pa kutawazia, penye mfereji wake, kinyesi hulowa na kazi yote huharibika. Ramani isiyo na mahali hapo isikubaliwe.

Maji ya bafu huelekezwa kwenye migomba, desturi nzuri ya kuendelezwa.

Shule, zahanati na nyumba za wageni huhitaji karo la vyumba viwili, ambamo majitaka hukaa siku moja au zaidi ili tope lituame. Maji yanayotoka humo bado yana vimelea, hivyo hupitishwa kwenye ardhioevu ya kujengwa: bwawa lisilovuja, lenye kokoto na matete, lisilohitaji umeme. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia mfumo huu utafiti wa miaka mingi.

Bahari nayo inahusika. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina matumbawe yanayoweza kusongwa na miani inayostawi kwa naitrojeni ya majitaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuleta madhara, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, huduma hizo vijijini ziko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Kisima kipya kisichimbwe kijijini kabla vyoo vinavyokizunguka havijapimwa umbali na kina.