Makrofaji

Makrofaji ni seli za kinga ya mwili zinazomeza na kumeng'enya vijidudu, seli zilizokufa na takataka nyingine. Jina hilo linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mlaji mkubwa". Zinapatikana karibu katika tishu zote za mwili, hasa mapafu, ini na wengu. Baadhi yake hutokana na monositi, yaani seli nyeupe za damu zinazotengenezwa katika uboho. Nyingine hukaa katika tishu tangu mtoto akiwa tumboni mwa mama.

Historia

Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mwanabiolojia Élie Metchnikoff, mzaliwa wa Dola la Urusi, aliwachoma kwa miiba viluwiluwi wa kiti cha pwani. Baadaye aliona seli zimekusanyika kuzunguka miiba hiyo. Alieleza kwamba seli za namna hiyo huulinda mwili kwa kumeza wavamizi. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Kazi

Makrofaji inapokutana na bakteria huizingira na kuifungia ndani ya kifuko. Kisha kifuko hicho huungana na lisosomu, yaani vifuko vyenye asidi na vimeng'enya, na bakteria huuawa. Makrofaji pia huonyesha vipande vya protini za kijidudu kwa seli T na kutoa kemikali za kuita seli nyingine.

Makrofaji na kifua kikuu

Bakteria wa kifua kikuu, Mycobacterium tuberculosis, huingia mapafuni kwa njia ya hewa na kumezwa na makrofaji. Hata hivyo wanaweza kuzuia kifuko chao kisiungane na lisosomu, na hivyo huishi na kuzaana ndani ya seli ileile iliyopaswa kuwaua.

Seli T aina ya CD4 husaidia kwa kutoa interferoni gama, ambayo huipa makrofaji nguvu ya kuua bakteria waliomo ndani yake. Seli hizo hukusanyika pamoja na kufanya uvimbe mdogo uitwao granuloma, ambao unaweza kuwazuia bakteria kwa miaka mingi bila mtu kuugua. VVU hupunguza seli za CD4, na kwa hiyo kinga hiyo hulegea. Kifua kikuu ndicho chanzo kikuu cha vifo vya watu wanaoishi na VVU.

Utafiti wa chanjo

Chanjo ya BCG, iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1921 nchini Ufaransa, huwakinga watoto wadogo dhidi ya kifua kikuu kikali, kama kile cha utando wa ubongo, lakini haiwakingi vya kutosha watu wazima dhidi ya kile cha mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.25 walifariki kwa kifua kikuu mwaka 2023.

Chanjo ya majaribio M72/AS01E inalenga kuamsha seli T zinazosaidia makrofaji. Katika jaribio lililofanyika Kenya, Zambia na Afrika Kusini, ilipunguza ugonjwa wa mapafu kwa takriban nusu kati ya watu wazima waliokuwa na maambukizi yaliyolala. Jaribio kubwa zaidi, lililopangwa kwa watu hadi 20,000, lilianza Afrika Kusini mwaka 2024.