Zamu ya Kuamka na Zamu ya Kutulia katika Moyo

Lugha yetu husema ya kuwa moyo hupiga, na kitendo hicho kimoja chaficha kazi mbili. Kila pigo lina kuamka kwake na kutulia kwake, na umeme ndio uongozao yote mawili. Habari za kuamka zilijulikana mapema. Habari za kutulia zilikawia kufahamika.

Njia ya kuamka iligunduliwa kutoka mwisho wake kurudi mwanzo wake. Jan Purkyně aliziona nyuzi za ndani ya vyumba vya chini mwaka 1839. Wilhelm His mdogo alieleza mwaka 1893 fungu la nyuzi liunganishalo vyumba vya juu na vya chini. Sunao Tawara, Mjapani aliyefanya kazi Marburg, Ujerumani, alionyesha mwaka 1906 kifundo ambamo fungu hilo huanzia. Na mwaka 1907 Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza wakaeleza kifundo cha juu, ambacho ndicho mwanzo wa pigo. Umeme hutoka hapo, hukawia kama sehemu ya kumi ya sekunde katika kifundo cha Tawara, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu, kisha hutawanyika upesi katika nyuzi za Purkyně. Nyama ya vyumba vya chini huamka kutoka ndani kuelekea nje.

Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1924, aliuchora umeme huo kwa galvanometa ya uzi. Kuamka kwa vyumba vya chini alikuita QRS, na kutulia kwake akakuita T. Hapo palikuwa na fumbo. Lau nyama ingalitulia kwa zamu ile ile iliyoamkia, T ingalielekea kinyume cha QRS. Lakini katika moyo mzima, kwa kawaida, zote mbili huelekea upande mmoja.

Maana yake ni kwamba zamu hugeuka: kwa jumla, sehemu zilizochelewa kuamka hukaa macho muda mfupi zaidi, nazo hutangulia kutulia. Frank Wilson wa Michigan na wenzake walionyesha mwaka 1934 jinsi ya kuipima tofauti hiyo kwa kujumlisha maeneo ya QRS na T.

Faida yake si ndogo. Sehemu iliyo macho haiwezi kuamshwa tena. Na kwa kuwa waliokawia hufanya haraka, nyama yote hutulia karibu kwa wakati mmoja. Tofauti hizo zikizidi mno, umeme waweza kupata mahali palipokwisha kutulia, ukarudi nyuma na kuzunguka. Ndipo moyo hutetemeka pasipo kusukuma damu, na mtu hufa kwa dakika chache asipookolewa. Ndiyo sababu tabibu asomaye mchoro wa moyo haishii kwenye QRS. Huitazama T pia, kwani moyo waweza kuamka sawasawa na bado ukakosa kutulia sawasawa.