Robert Hunter na Kampuni Isiyouza

Tarehe 12 Januari 1895 kampuni mpya iliandikishwa mjini London. Haikuwa na wenye hisa wa kugawana faida, haikuwa na bidhaa, wala haikumiliki hata shubiri moja ya ardhi. Ilijiita National Trust, na kazi yake ilikuwa kushika kwa niaba ya taifa mahali penye historia au uzuri wa asili. Leo ina wanachama zaidi ya milioni tano, na katika mali zake zimo zaidi ya maili 780 za pwani ya Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini.

Waanzilishi walikuwa watatu. Octavia Hill alikwisha kujulikana kwa kupigania makazi ya maskini, na Kasisi Hardwicke Rawnsley kwa kutetea milima na maziwa ya kaskazini. Hao wanakumbukwa. Wa tatu, Robert Hunter, alikuwa wakili, na kwa kuwa kazi ya wakili hubaki ndani ya mafaili, jina lake hupitiwa haraka. Hilo linaniuma, maana wazo la kuunda kampuni lilikuwa lake.

Alizaliwa London mwaka 1844. Akiwa bado kijana aliingia katika shindano la insha kuhusu namna ya kuokoa malisho ya pamoja yaliyouzunguka mji huo. Hakutwaa tuzo ya kwanza, ila insha yake ilikuwa miongoni mwa zilizochapwa, na muda si mrefu akawa wakili wa chama kilichotetea malisho hayo. Siku zile mabwana wa ardhi walikuwa wakizungushia uzio viwanja ambavyo wanavijiji walichungia mifugo na kuokota kuni tangu enzi za mababu.

Kesi kubwa ilikuwa ya msitu wa Epping. Karibu nusu ya msitu ilikwisha kuzungushiwa uzio, na wanakijiji waliothubutu kukata matawi kama walivyozoea walitupwa jela. Mkulima mmoja angewezaje kushindana mahakamani na mabwana kumi na kadhaa wenye mifuko mizito? Hunter na wenzake wakagundua kwamba halmashauri ya jiji la London ilikuwa na ardhi pembezoni mwa msitu, basi nayo ilikuwa na haki ya kuchunga humo. Fedha za jiji zikaingia vitani. Kisha ikaja hoja iliyovunja ngome. Ng'ombe wa Epping hawakujua mipaka ya mabwana, walitembea msitu mzima tangu zamani. Kwa hiyo mwenye haki ya malisho katika kona moja alikuwa na haki kila mahali, na kila uzio ulikuwa ni wizi dhidi yake. Mwaka 1874 mahakama ikakubali, na mwaka 1878 Bunge likatunga sheria ya kuulinda msitu. Hadi leo watu wa London wanatembea humo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mwaka 1882 akawa mwanasheria wa Idara ya Posta, kazi aliyoifanya hadi 1913. Mikataba ya simu na telegrafu ilimshughulisha mchana. Kazi ya ardhi ilibaki ya jioni na mapumziko. Ndipo ukazuka mkasa wa Sayes Court. Ukoo wa mwandishi John Evelyn ulitaka kuwapa wananchi bustani yake ya kale huko Deptford, lakini hapakuwa na chombo chochote kisheria cha kuipokea. Chama hakiwezi kumiliki ardhi; wadhamini wa kibinadamu hufa, hugombana, hufilisika. Mwaka 1884, katika hotuba aliyoitoa Birmingham, Hunter alipendekeza kampuni: mtu wa kisheria asiyekufa. Wazo lilikaa takriban miaka kumi kabla ya Rawnsley kulifufua.

Zawadi ya kwanza kwa National Trust ilikuwa mteremko wa Dinas Oleu, Wales, alioutoa Bi Fanny Talbot. Jengo la kwanza, nyumba ya kasisi ya Alfriston iliyojengwa karne ya 14, lilinunuliwa mwaka 1896 kwa pauni 10. Kulikarabati ndiko kulikogharimu.

Hunter aliongoza kamati ya utendaji tangu mwanzo, na hakuridhika. Kampuni inaweza kubadilisha katiba yake. Wakurugenzi wa kesho, wakibanwa na madeni, wangeuza kila kitu. Akaandika rasimu iliyopita Bungeni kuwa Sheria ya National Trust ya 1907: ardhi ikishatangazwa kuwa haiuzwi, hata uongozi wenyewe hauna mamlaka ya kuiuza. Msomaji wa Lamu au Unguja ataelewa upesi, kwa kuwa anajua mali ya wakfu. Tofauti ni kwamba hapa mfunga fundo ni Bunge. Kwangu mimi, kifungu hicho ndicho kazi kubwa kuliko zote alizofanya.

Alikuwa akiishi Haslemere, karibu na nyika ya Hindhead. Nyika hiyo ilikuwa mali ya Whitaker Wright, tajiri aliyewaibia wawekezaji kwa kuhamisha fedha kati ya makampuni yake, na ambaye mwaka 1904 alikunywa sumu ndani ya jengo la mahakama mara baada ya kuhukumiwa. Majirani, Hunter akiwamo, wakachanga, wakainunua nyika, na mwaka 1906 wakaikabidhi National Trust. Ardhi ileile ilitoka katika mikono ya mtu aliyetumia kampuni kupora, ikaingia katika kampuni iliyoundwa ili kutunza.

Hunter alifariki Novemba 1913, miezi michache baada ya kustaafu.

Miaka mingi baadaye barabara kuu ya London kwenda Portsmouth ilikuwa ikikwama kila siku hapo Hindhead, na serikali ikahitaji kuipanua. Ardhi ya pande zote ilikuwa chini ya sheria ya 1907. Mwaka 2011 barabara ilifunguliwa upya ikipita chini kwa chini, katika handaki la kilomita 1.8. Lami ya zamani iliyokatiza nyika ikang'olewa, na eneo lake likarudishwa kuwa nyika.