Bwana Msa, Bibi Marple na Jicho la Mzee Ndani ya Ndoa



Wengi wetu tunapenda zile hadithi za upelelezi zisizo na bastola wala damu nyingi: kijiji kimoja, siri moja, na mtu mzima mmoja anayeuliza maswali taratibu mpaka ukweli unatoka. Tumezoea kudhani kuwa ni mambo ya Wazungu. Leo tunakumbushana kuwa sisi pia tunaye mpelelezi wa namna hiyo, na kwamba historia yake ina funzo kwa anayeingia kwenye ndoa.

Bibi wa kijijini

Kule Uingereza, Agatha Christie alimtoa Miss Marple katika hadithi fupi mwaka 1927, kisha katika riwaya mwaka 1930. Ni bibi ambaye hakuolewa, anakaa kijijini akifuma sufu. Hana cheo, na mara nyingi maofisa humpuuza mwanzoni. Lakini ameishi na watu miaka mingi, na kila kisa kipya humkumbusha tabia ya mtu fulani aliyemjua. Elimu yake yote ni ya kuwatazama binadamu.

Mtu wa Makunduchi

Kwetu aliyefungua njia ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi katika idara ya afya akiwa mkaguzi. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 hadi 1968 alihariri Mkulima, jarida la idara ya kilimo. Kazi ya mkaguzi ni kuingia majumbani na kutazama, kazi ya mhariri ni kuuliza, "Hili umelijuaje?" Mpelelezi wake ana tabia zote mbili.

Riwaya yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Humo tunakutana na Bwana Msa, mtu mzima mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Wachambuzi wengi wanaona athari ya Sherlock Holmes ndani yake, na ni kweli. Lakini mahali ni petu. Mtu ameuawa, na kuna mzimu ambao watu wanauogopa. Bwana Msa haukubali uoga uwe jawabu. Anatafuta mkono wa mwanadamu.

Mwaka 1968 ikafuata *Kisima cha Giningi*. Nani kati yetu hakutishwa utotoni kwa Giningi, mji wa wachawi? Mwandishi alilichukua jina lile la kutisha akaliweka mbele ya mtu anayefikiri. Baadaye zikaja *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976), na *Kosa la Bwana Msa* (1984). Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Huko Bara hadithi za uhalifu zilishika njia nyingine. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, na Elvis Musiba akamtoa jasusi Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974. Zile zina mbio na hatari za mjini. Bwana Msa alibaki mtu wa kukaa, kuvuta kiko na kufikiri.

Mzee wetu, mshukiwa wetu

Hapa ndipo panapouma. Katika hadithi ya Kiingereza, bibi kizee ndiye anayefumbua fumbo. Katika nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho yale yamechomwa na moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu. Mtu akifa au mtoto akiugua, badala ya kuuliza kilichotokea, watu wanauliza nani kamroga.

Tusiseme hayo ni ya mbali. Ndoa ngapi zimevunjika kwa sababu mimba imechelewa na kidole kikaelekezwa kwa mama mkwe, wifi au mke mwenza?

Dini yetu ilishatufundisha

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuthibitishe habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya ya 12 inatukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Kwa hiyo kuthibitisha ni wajibu, lakini kufukua simu ya mume usiku kutafuta aibu si kuthibitisha.

Kumbuka kisa cha uzushi juu ya Bibi Aisha (r.a.), aliyebaki nyuma ya msafara akitafuta mkufu wake. Mji ulijaa maneno. Mtume (s.a.w.) aliwauliza waliomjua kwa karibu. Bibi Zaynab bint Jahsh, mke mwenziwe, alikuwa na nafasi ya kummaliza, lakini alisema hakujua kwake ila kheri. Kisha zikashuka aya za Surat An-Nur kumtakasa.

Basi biharusi, uwe Makunduchi au umeolewa Visiga, njiani baina ya Kibaha na Mlandizi, neno likikufikia uliza kwanza: Nani kaliona kwa macho yake? Anayelileta anapata nini? Je, hakuna sababu ya kawaida? Mimba ikichelewa, nendeni hospitali nyote wawili, mke na mume. Na ukizidiwa, kaa na somo au kungwi wako mwenye kumcha Mungu. Yeye ameona nyumba nyingi zikisimama na nyingi zikianguka, na atajua swali la kuuliza kabla hujafunga mizigo.

Allah atujaalie ndimi za kheri, atuhifadhie wazee wetu, na azijaze nyumba zetu utulivu. Amin.