Jina Katika Daftari la Wauguzi

Zipo kazi ambazo mtu akizijua amezijua, wala hakuna wa kumdai karatasi. Mafundi wa chuma wa Ufipa, waliojenga malungu, yaani tanuri zile ndefu za udongo ambazo magofu yake bado yanaonekana huku na huko, hawakuwa na cheti. Jembe lenyewe lilikuwa cheti chao. Mkulima alilijaribu shambani, likikata ardhi alirudi kwa fundi yuleyule mwaka uliofuata.

Kazi ya uuguzi haiwezi kuwa hivyo. Mgonjwa hana nafasi ya kumjaribu muuguzi halafu akarudi mwaka wa pili kutoa maoni. Ndiyo maana kukawa na daftari la usajili. Jina lako likiwamo, unaruhusiwa kushika sindano. Lisipokuwamo, ujuzi wako hauna nguvu mbele ya sheria.

Nimeona yafaa kuandika juu ya daftari hilo kwa sababu ya jambo linalowasumbua vijana wetu. Wanamaliza chuo cha uuguzi, wanafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, wanapewa leseni, kisha wanarudi kukaa kwa wazazi wakingoja nafasi za serikali zitangazwe. Wakati wanangoja, katika zahanati za bonde la Ziwa Rukwa na za mwambao wa Ziwa Tanganyika, muuguzi mmoja huzalisha, huchanja watoto, hufunga vidonda na kujaza vitabu vya taarifa, yote siku moja. Haishangazi kwamba baadhi ya vijana wanaulizia njia ya kwenda Uingereza, Marekani au nchi za Ghuba. Mzazi mmoja wa mtaani kwetu aliniletea vyeti vya binti yake akitaka nimwambie kama vinatosha kwenda ng'ambo. Jirani aliyekuwa amekaa nami alidakia kwamba watoto wa siku hizi hawana uzalendo. Sikukubaliana naye, na sababu zangu ni za historia.

Kwanza, sisi wenyewe tulitibiwa na mgeni. Mwaka 1885 kituo cha Karema, kilichojengwa na Wabelgiji kando ya Ziwa Tanganyika, kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee waliwaita Mapadre Weupe. Mwaka 1889 alifika hapo kijana Mwafrika, Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na kukombolewa na mapadre huko Algeria. Kardinali Lavigerie alikuwa amefungua chuo katika kisiwa cha Malta ili vijana wa Kiafrika wasomee uganga. Atiman alisoma huko, kisha akatumwa Karema awe daktari na katekista. Alikaa hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 ya kutibu watu ambao lugha yao hakuikuta mdomoni mwa mama yake. Karema sasa ipo Mkoa wa Katavi, uliogawanywa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini jina lake limebaki kwetu: Hospitali ya Dkt. Atiman hapa Sumbawanga. Mwenye kusema kwamba mganga hana budi kubaki alikozaliwa, na apite mbele ya hospitali hiyo asome kibao chake.

Katika miaka hiyohiyo ya Atiman ndipo daftari la wauguzi lilipoanza duniani. New Zealand ilipitisha sheria ya kuwasajili mwaka 1901, ya kwanza ya nchi nzima. Uingereza yenyewe ilichelewa hadi mwaka 1919. Huku Afrika Kusini, Cecilia Makiwane, aliyefunzwa katika hospitali ya misheni ya Lovedale, alisajiliwa mwaka 1908, akawa Mwafrika wa kwanza wa huko kuwa muuguzi mwenye cheti kamili. Tanganyika ilipata sheria yake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sisi walimu, tuliozoea kujiona wakubwa wa wasomi, sheria ya bodi yetu ya kitaalamu ilipitishwa mwaka 2018 tu. Wauguzi walitutangulia mbali.

Lakini daftari linaweza kuwa ngao, na linaweza pia kuwa kamba. Makaburu walilitumia kama kamba. Sheria yao ya uuguzi ya mwaka 1957 iliwatenga wauguzi kwa rangi, na mara baadaye wauguzi Waafrika wakaambiwa watoe namba za vitambulisho ndipo wasajiliwe. Walielewa maana yake: ilikuwa njia ya kuwabebesha wanawake pasi kupitia hospitalini. Wakapinga hadharani mwaka 1958.

Kisa hicho kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza walifunga mizigo. Hospitali zilibaki na vitanda, wagonjwa na dawa, bila wauguzi wa kutosha wenye usajili. Mwalimu Nyerere aliomba msaada kwa chama cha ANC, na Oliver Tambo akashughulikia. Wauguzi Waafrika wapatao 20 walitoroka Afrika Kusini kupitia Bechuanaland, nchi ambayo leo ni Botswana, wakaja kushika wodi zetu. Walikuwa wasichana na wanawake wenye kazi zao na familia zao. Kwa kuwa waliondoka bila idhini ya Makaburu, hawakuweza kurudi. Wapo waliongoja karibu miaka 30, hadi ANC ilipofunguliwa mwaka 1990, ndipo wakaona tena makwao. Wengine waliwazika wazazi wao kwa mawazo tu, wakiwa kazini kwetu.

Basi tulipokuwa na shida, tulifurahia wauguzi wa nchi nyingine kuja kwetu. Leo hatuwezi kusema kwamba safari ya muuguzi ni usaliti. Ila lazima tujifunze safari hiyo huenda vizuri kwa namna gani, na huharibika kwa namna gani.

Mfano wa kuharibika tunaupata Uingereza. Baada ya kuanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, Waingereza waliita wasichana kutoka makoloni, hasa Karibi, na baadaye Afrika pia, waje kufunzwa uuguzi. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya miaka 3, na aliyehitimu aliandikwa katika daftari kuu. Ya pili ilikuwa ya miaka 2, yenye orodha yake ya chini. Wasichana wengi wa makoloni walisukumwa kwenye njia ya pili bila kuelezwa tofauti. Walivaa sare, walifanya zamu za usiku, walidhani wamekuwa wauguzi kamili. Wengine waliporudi makwao na masanduku yao ndipo wakaambiwa kwamba cheti kile hakitambuliwi. Walipewa cheti cha kufanyia kazi kwa mwenye nyumba, si cha kurudi nacho nyumbani.

Nchi iliyofanya safari hii kuwa mpango wa taifa zima ni Ufilipino. Wamarekani waliitwaa nchi hiyo mwaka 1898. Chuo cha kwanza cha uuguzi kilifunguliwa katika hospitali ya misheni mjini Iloilo mwaka 1906, na masomo ya uuguzi nchini humo yakafuata mtindo wa Kimarekani kwa lugha ya Kiingereza. Mwaka 1948 Marekani ilianzisha mpango wa kupokea wageni kwa muda ili wajifunze kazi, na wauguzi wa Kifilipino wakaingia kwa wingi kupitia mlango huo. Mwaka 1965 sheria ya uhamiaji ya Marekani ililegezwa, na mwaka 1974 serikali ya Ferdinand Marcos ikaingiza katika sheria ya kazi utaratibu wa kupeleka wafanyakazi nje. Familia ziliuza mashamba ili binti asome uuguzi. Vyuo vya kulipia vikaota kila mahali.

Kisha milango ikaanza kufungwa. Mwaka 2006 mtihani wa leseni wa mwezi Juni ulivuja. Waliofaulu kwa jasho lao na waliofaulu kwa wizi wakachanganywa katika kapu moja, na chombo cha Marekani kinachokagua vyeti vya wageni kikawataka wote warudie sehemu za mtihani. Mwaka huohuo Uingereza iliwaondoa wauguzi wa kawaida katika orodha ya kazi zenye upungufu. Foleni ya viza ya Marekani ikarefuka, na mwaka 2008 ukaja msukosuko wa fedha duniani. Wahitimu wapya wakabaki mikono mitupu. Walikuwa wakitakiwa kuonyesha uzoefu wa kazi ndipo waombe kwenda nje, kwa hiyo wengi walifanya kazi hospitalini bila mshahara, na wengine wakailipa hospitali ili iwakubali kujitolea. Muuguzi mwenye leseni anatoa fedha ili aruhusiwe kumwosha mgonjwa! Wengine waliishia kupokea simu za wateja wa kampuni za Kimarekani usiku kucha. Mwaka 2009 serikali ilianza kuwapeleka baadhi yao katika wilaya maskini kwa posho, wilaya ambazo siku zote zilikuwa hazina wauguzi. Halafu Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipopamba moto, serikali hiyohiyo iliwazuia wauguzi kuondoka, na Novemba ikawaruhusu kwa kikomo cha watu 5,000 kwa mwaka, kikomo kilichoongezwa baadaye.

Mlango wa ng'ambo hufunguliwa na shida ya mwenye nyumba. Shida ikiisha, hufungwa, na aliye nje haulizwi. Kijana anayesomea uuguzi kwa ajili ya mlango huo peke yake anapanda mbegu katika shamba la mtu.

Huku kwetu nasi tuna historia yetu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, vituo vya afya na zahanati vilienezwa vijijini, na mhitimu alipangiwa kazi na serikali hata kabla hajaiomba. Mwaka 1977 hospitali za watu binafsi za kujipatia faida zilipigwa marufuku, zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Katika miaka ya 1990, kwa masharti ya kubana matumizi, serikali ilisimamisha ajira mpya, na wauguzi waliohitimu wakati ule walijua mapema ladha ya kuwa na cheti kabatini. Baadhi yao walikwenda Botswana, wengine Uingereza. Mwaka 2007 ukaja mpango mkubwa wa afya ya msingi uliotaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo yamejengwa mengi, nasi tunashukuru. Lakini jengo halimpokei mtoto mchanga. Shida yetu ya sasa ni ajabu ya pekee: tuna wagonjwa wasio na wauguzi, na wauguzi wasio na kazi, katika wilaya hiyohiyo.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni kuhusu kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine. Tanzania imo katika orodha yake ya nchi zenye upungufu mkubwa, iliyotolewa mwaka 2020 na tena mwaka 2023. Maana yake ni kwamba nchi tajiri zinaombwa zisije kuwafuata wauguzi wetu huku. Uingereza imeitia orodha hiyo katika utaratibu wake, ingawa muuguzi akiomba kazi mwenyewe hazuiwi. Kenya ilichagua njia nyingine, ikatia saini mkataba na Uingereza mwaka 2021. Kanuni hizo ni njema, lakini hazimpi mshahara binti anayekaa Namanyere na leseni yake mkononi. Kumlinda asichukuliwe na wengine, huku sisi wenyewe hatumchukui, ni kama kumfungia ng'ombe zizini pasipo majani.

Yule mzazi nilimjibu hivi. Binti asiondoke na karatasi ya dalali, bali na jina lake katika daftari la hapa. Atazame cheti chake ni cha ngazi gani, maana nchi nyingi hazimpokei mwenye astashahada. Baraza letu ndilo litakaloliandikia baraza la huko kuthibitisha usajili wake, na mtihani wa Kiingereza hauepukiki. Yeyote anayemwahidi kuruka hatua hizo kwa fedha ni mwizi. Akifika huko, aulize kazi aliyopewa inahesabiwa katika daftari gani, kama walivyopaswa kuuliza wale wasichana wa makoloni. Na leseni ya nyumbani aendelee kuihuisha, ili siku mlango wa huko ukifungwa, wa huku uwe wazi.

Nasi tunaobaki tuna sehemu yetu. Atiman alikaa Karema miaka 67 kwa sababu alikuwa na nyumba, kazi na watu waliomhitaji wakaionyesha haja hiyo. Halmashauri inayompa muuguzi nyumba, mshahara kwa wakati na mwenzake wa kupokezana naye zamu, haitahitaji kumhubiria uzalendo. Na ile isiyoweza hayo isishangae ikisikia muuguzi wake yuko Birmingham au Muscat, akiwatunza wazee wa watu.