Historia ya Neno Majitaka na Mji wa Ruaha Mbuyuni

Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, ni mji mdogo uliokaa pale ambapo barabara kuu iendayo Zambia huvuka mto Ruaha Mkuu, kati ya mabwawa ya Mtera na Kidatu. Wenyeji hulima vitunguu kwa maji ya mifereji. Je, uchafu wa mji wa namna hii huenda wapi?

Lugha yatujibu kwa sehemu. Neno choo lina maana mbili, mahali na kinyesi chenyewe, wala halidokezi safari yoyote. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, iliwahimiza wanavijiji kuchimba vyoo. Kazi ikaishia shimoni. Majitaka, kinyume chake, ni neno la mjini: lataka bomba, na mwisho wa bomba bwawa, ambamo jua, hewa na vijidudu huumaliza uchafu. Iringa mjini mabwawa hayo yapo. Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Usafi wa mazingira ni jina pana, nalo hufunika swali moja: shimo likijaa, gari la kunyonya litamwaga wapi?

Kando ya mto, swali hilo si la msamiati tu, maana huko yateremkiako maji wapo wanaoyanywa. Wahandisi wa leo wana neno topekinyesi. Halipendezi masikioni, lakini lataja kitu chenyewe. Na kisichotajwa hakitengewi fedha.