Duara au mgodi? Herufi tano tu

Chini ya turubai la mama ntilie, Mwakitolyo, kijana amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika kipande cha gazeti. Chapati iliyokuja imefungwa humo ameshaimaliza. Kilichobaki ni chemsha bongo ya mada ya madini, ile rahisi, yenye doa la mafuta katikati ya miraba.

“Shimo la kuchimbia dhahabu, herufi tano.”

“Duara,” anajibu mzee mmoja huku akipuliza chai.

Mchezo huu ulianza mbali. Jumapili ya Desemba 21, 1913, gazeti la New York World lilichapa miraba iliyobuniwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Umbo lake lilikuwa uru wa karata. Sisi wa Shinyanga, jirani wa mgodi wa Mwadui, tungeona almasi. Mwaka 1924 kampuni ya Simon and Schuster ilitoa kitabu cha mafumbo hayo, kila nakala na penseli yake. Watu wakapagawa. New York Times likakejeli kwamba ni kupoteza muda, kisha mwaka 1942 nalo likaanza kuyachapa.

Kiswahili kilikuwa na vitendawili zamani sana, lakini kitendawili ni cha mdomo: ukitega, anayejibu haulizwi herufi ngapi. Miraba haina huruma hiyo. Inadai tahajia moja kwa wote, na enzi za Wajerumani na wamisionari kila mmoja aliandika kwa mkono wake. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, Kamati ya Lugha ikaundwa 1930, na kamusi ya Frederick Johnson ikatoka 1939. Hapo ndipo mtunga fumbo anapopata pa kusimama.

Akishasimama, kazi yake ina utamu wake. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo mraba wa mwisho una herufi tano tu za kubahatisha. Anayeteseka ni mtungaji: A zinamfurika. Hata jina Mwakitolyo, herufi kumi kamili, lingemsumbua kwa zile L na Y zilizokaa pamoja Kisukuma.

Turubaini, kijana ameshuka chini: “Hukamata dhahabu, herufi sita.” Hilo halina ubishi, zebaki. I yake ya mwisho inaangukia mraba wa mwisho wa lile shimo.

“Mzee, duara haliingii. Ni mgodi.”

“Mgodi ni wa kampuni, una geti na mlinzi. Mimi nashuka kwa kamba, naingia duara. Huyo aliyetunga amewahi kushuka?”

Kijana anakuna kichwa. Anaandika DUARA kwa kalamu ya wino, akikandamiza. Zebaki sasa inasomeka ZEBAKA.

“Eeh,” anasema mzee. “Endelea.”